Mikanda ya supachaja kwenye injini za boti: kwa nini hukatika mapema, na namna ya kuizuia

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba tuzungumze kwa kina juu ya mkanda unaozungusha supachaja (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini ili kuiongezea nguvu) kwenye injini za boti, kwa sababu ni kifaa ambacho wengi wetu hukikumbuka siku kinapokatika, na siku hiyo kwa kawaida mtu yuko mbali na gati. Nimezishughulikia injini hizi kwa miaka mingi, na nimejiridhisha kwamba ni nadra mkanda wenyewe kuwa chanzo cha tatizo. Mkanda unaokatika kila baada ya safari chache huwa unaumizwa na kitu kingine, iwe ni puli isiyokaa kwenye mstari, tenshena (puli ya kuukazia mkanda) iliyochoka, kutu, maji ya chumvi, mafuta yanayoudondokea, au mzigo ambao haukutengenezwa kuubeba. Anayebadilisha mkanda bila kukitafuta kitu hicho atabadilisha tena baada ya muda mfupi.

Nianze na boti moja iliyoletwa kwangu ikiwa imekata mikanda mitatu ndani ya msimu mmoja. Injini ilikuwa ya petroli, ya silinda nane, na supachaja yake ilizungushwa na mkanda wenye mbavu nane, yaani matuta marefu yanayoingia kwenye mifereji ya puli. Fundi aliyeihudumia kabla yangu alishikilia kila mara kwamba mkanda ni bandia, akaagiza mwingine. Mimi niliomba mikanda iliyokatika, na kwa bahati mwenye boti alikuwa ameitupa yote mitatu ndani ya ndoo. Yote ilikuwa na alama ileile: ubavu wa mwisho, ule unaotazama upande wa injini, ulikuwa umechanika na kuning'inia kama uzi, ilhali mbavu saba zilizobaki zilikuwa karibu nzima. Vumbi jeusi la mpira nalo lilikuwa limetanda upande mmoja tu wa breketi. Mkanda bandia hauchagui ubavu wa kuchanika. Nilipoweka rula ndefu ya chuma iliyonyooka kwenye uso wa puli ya krenki (mhimili mkuu wa injini) na kuielekeza kwenye puli ya supachaja, nikaona puli ya krenki imerudi nyuma kwa milimita tatu hivi.

Ilirudije nyuma wakati bolti zake zilikuwa zimekaza vizuri? Puli ile ilikuwa imeungana na dampa ya krenki, kifaa cha kupunguza mtetemo wake, ambayo imetengenezwa kwa kitovu cha chuma katikati, pete nzito ya chuma nje, na tabaka la mpira linaloziunganisha. Mpira ule ulikuwa umeiva kwa joto na mvuke wa mafuta, na pete ya nje ikawa inateleza nyuma kidogo kidogo kila injini inapopewa mzigo. Tulibadilisha dampa, tukafunga mkanda wa aina ileile iliyokuwa ikilaumiwa, na mkanda ule ulimaliza msimu mzima uliofuata bila kasoro. Tangu siku hiyo, kila dampa ninayoikuta naichora mstari mmoja wa rangi nyeupe unaovuka kutoka kitovuni, juu ya mpira, hadi kwenye pete ya nje. Mstari ukikatika, pete imezunguka juu ya mpira wake na dampa imekwisha. Kwa kuwa mstari huo hauonyeshi pete iliyorudi nyuma bila kuzunguka, napima pia kina cha pete kutoka kwenye uso wa kitovu na kukiandika.

Sasa tuangalie mkanda huu unabeba nini, maana wengi wanaufananisha na mkanda wa oltaneta, na tofauti ni kubwa sana. Chukua puli ya krenki yenye kipenyo cha milimita 180 inayozunguka mara 5,000 kwa dakika. Mkanda juu ya puli hiyo unakimbia takriban mita 47 kwa sekunde. Ikiwa supachaja inahitaji kilowati 50 kwa kasi hiyo, ambazo ni karibu nguvu farasi 67, basi tofauti ya mvuto kati ya upande unaovuta na upande uliolegea ni zaidi kidogo ya nyutoni 1,060, sawa na uzito wa kilo 108 zilizotundikwa kwenye mkanda usiofika upana wa sentimita tatu. Oltaneta ya kawaida haikaribii hapo.

Mkanda wenye mbavu haushiki kwa meno. Unashika kwa msuguano, na msuguano huo unategemea sana mzingo, yaani sehemu ya puli iliyozungukwa na mkanda. Uwiano wa mvuto kati ya upande unaovuta na upande uliolegea, kabla mkanda haujaanza kuteleza, hupanda kwa kasi kadiri mzingo unavyoongezeka. Tukichukua msuguano wa 0.4 kwa ajili ya mfano, mkanda uliozunguka nusu ya puli, yaani nyuzi 180, unaweza kuhimili uwiano wa takriban 3.5, lakini uliozunguka nyuzi 120 tu unabaki na 2.3. Katika mzigo ule wa nyutoni 1,060, maana yake ni kwamba upande uliolegea unahitaji kukazwa kwa takriban nyutoni 425 katika hali ya kwanza, na zaidi ya 800 katika hali ya pili. Mbavu zinazokaba ndani ya mifereji huongeza msuguano kuliko tarakimu niliyotumia, lakini mwelekeo haubadiliki: mzingo ukipungua, utalazimika kukaza karibu mara mbili ili kupata kazi ileile, na beringi za supachaja pamoja na beringi ya mbele ya krenki ndizo zitakazolipa.

Ndiyo maana napenda kuona puli ya kuelekeza mkanda imewekwa karibu na puli ya supachaja ili kuongeza mzingo, na ndiyo maana naogopa tabia ya kufunga puli ndogo zaidi kwenye supachaja ili kupata shinikizo zaidi la hewa. Kutoka puli ya milimita 75 kwenda ya 70 huonekana ni jambo dogo, lakini supachaja iliyokuwa ikizunguka mara 12,000 kwa dakika sasa inakaribia 12,900, inadai nguvu zaidi ya asilimia saba iliyoongezeka kwenye kasi, kwa sababu hewa inayosukumwa na shinikizo vyote vinapanda kwa pamoja, na wakati huohuo mkanda umepungukiwa na eneo la kushika. Mzigo umepanda, mshiko umeshuka. Anayetaka kufanya hivyo afikirie kwanza mkanda mpana zaidi wenye mbavu nyingi zaidi, pamoja na puli zake zote.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ni kwamba mkanda unaokimbia kwa kasi hutaka kuruka nje ya puli. Mkanda wenye uzito wa gramu 150 kwa kila mita, ukikimbia mita 47 kwa sekunde, hupoteza takriban nyutoni 330 za mkazo wake kwa nguvu hiyo ya kuruka nje. Mkanda uliokazwa vizuri injini ikiwa imezimwa unaweza kuwa umelegea kabisa kwenye kasi ya juu, na hapo ndipo watu husema "shinikizo linashuka mwishoni" wakadhani supachaja imechoka.

Mwanzisha uzi (inaendelea)

Kwa nini boti huumiza mikanda kuliko gari? Gari hupumzika. Linashuka mlima, linasimama kwenye foleni, na hata barabara ikiwa nyoofu linahitaji sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Boti inayokimbia juu ya maji inasukuma mzigo mkubwa muda wote, kama gari linalopanda mlima usio na kilele, na supachaja inafanya kazi kwa muda huohuo wote. Kisha kuna mawimbi. Boti inaporuka wimbi na propela ikatoka majini, injini hupanda kasi ghafla. Propela ikirudi majini, kasi inashuka kwa kishindo. Rota za supachaja ni nzito na zinazunguka mara nyingi zaidi kuliko krenki, hivyo krenki inapopunguza kasi ghafla zenyewe hutaka kuendelea. Katika nukta hiyo upande wa mkanda uliokuwa umelegea ndio unaovutwa, na tenshena ya springi, ambayo huwekwa upande huo, hutupwa nje na kurudi kwa kishindo. Nahodha anayerudisha mkono wa mafuta kwa mkupuo kutoka kasi ya juu huifanya hali hiyo kwa mikono yake mwenyewe, hata bahari ikiwa shwari. Kurudisha mafuta taratibu, kwa sekunde mbili au tatu, ni kinga ambayo haihitaji spana.

Chumba cha injini nacho ni kidogo, kina joto, kina unyevu na kina chumvi. Hapa niseme juu ya maji, kwa sababu nimeona mafundi wazuri wakilikosa jambo hili. Puli ya krenki ndiyo iliyo chini kuliko zote, na mara nyingi haiko mbali na maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya boti. Boti inapoinua pua wakati wa kuondoka, maji ya ngama hukimbilia nyuma. Ikifunga mafuta na kushusha pua, maji hurudi mbele. Yakigusa puli ya krenki, puli huyachota na kuyarusha juu ya mkanda wote. Ukitaka kujua kama jambo hili linatokea kwako, fungua mfuniko wa injini na utazame upande wake wa ndani ulio juu ya mkanda. Kama kuna mstari mweupe wa chumvi uliopinda kama upinde, sawasawa na mkao wa mkanda, basi umepata jibu lako. Maji yenyewe huufanya mkanda uteleze kwa muda. Yakikauka huacha chembe za chumvi ndani ya mifereji ya puli, na chembe hizo husaga mpira kila mzunguko. Tiba yake ni kuhakikisha pampu ya ngama na swichi yake ya kuelea vinafanya kazi, na kutafuta maji yanaingilia wapi. Mara nyingi huwa ni pampu ya maji ya bahari yenye sili iliyochoka, inayodondosha tone moja moja ambalo halionekani injini ikiwa imezimwa.

Baada ya chumvi huja kutu. Boti ikikaa miezi kadhaa bila kuwashwa, puli za chuma huota kutu kwenye sehemu isiyofunikwa na mkanda, na siku ya kwanza ya kuwasha, mifereji ile huwa kama msasa. Kabla ya kuwasha boti iliyokaa, ondoa mkanda, piga mifereji kwa brashi, futa kwa kitambaa kikavu, kisha pitisha ukucha ndani ya kila mfereji. Ukucha ukikwama, kuna vishimo, na puli yenye vishimo ibadilishwe. Usipake grisi wala mafuta ya kuzuia kutu kwenye mifereji. Vipakwe kwenye sehemu nyingine za puli.

Kuhusu mstari wa puli, kipimo ninachofuata kwa mikanda yenye mbavu ni kutozidi nusu digrii, ambayo ni takriban milimita 2.6 kwa kila milimita 300 za umbali kati ya puli na puli. Kwa mikanda yenye meno, nusu ya hapo. Lakini kuna aina mbili za kupinda, na rula huonyesha moja tu kwa urahisi. Puli inaweza kuwa imesogea mbele au nyuma huku ikitazama sawa, na inaweza kuwa haijasogea ila imeinama. Breketi ndefu inayobeba supachaja au tenshena huinama injini inapopewa mzigo, kisha hurudi sawa injini inapozimwa, na wewe unapima wakati imerudi. Tafuta dalili: rangi iliyopasuka kwenye kona za breketi, wosha iliyong'aa kwa kusuguana, unga wa kutu mwekundu kuzunguka kichwa cha bolti. Ukiviona, breketi inacheza, hata kama rula inasema kila kitu kiko sawa.

Mkazo ni suala ambalo kila mtu ana maoni yake, na maoni mengi ni ya kubonyeza kwa kidole gumba. Kidole gumba hakitoshi kwa mkanda huu. Fuata kipimo cha mtengenezaji wa injini au wa supachaja. Pale kipimo kinapotolewa kwa njia ya kubonyeza, kanuni ya kawaida ni milimita 1.6 za kubonyea kwa kila milimita 100 za mkanda ulio huru kati ya puli mbili, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu; sehemu yenye urefu wa milimita 300 itabonyea karibu milimita tano. Vipo pia vifaa vinavyosikiliza mtetemo wa mkanda ukigongwa kidogo na kuutafsiri kuwa mkazo, na anayehudumia boti zaidi ya moja atafaidika navyo. Mkanda mpya upimwe tena baada ya kukimbia kwa muda mfupi, kwa sababu mbavu hujikalia ndani ya mifereji na mkazo hushuka. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na mikanda mingi hufa kwa sababu yake: hulegea kidogo, hupata joto kwa kuteleza, hung'aa kama kioo, na kuanzia hapo hata ukiikaza haishiki tena.

Tenshena ya springi ikaguliwe kila mkanda unapotolewa. Izungushe puli yake kwa mkono bila mkanda: ikinguruma au ikizunguka muda mrefu kama feni, beringi imeishiwa grisi. Uvute mkono wake hadi mwisho kisha uuache urudi taratibu: ukikwama au ukirudi kwa kuruka, bushi imekwisha. Tenshena ambayo mkono wake unatikisika kwa upande huipindisha puli, na hapo umerudi kwenye tatizo la mstari.

Kwa usalama, tafadhali: mkanda haukaguliwi injini ikiwa inaunguruma, vidole vikiwa karibu. Zima, toa ufunguo, tenganisha betri. Kwenye injini za petroli, washa feni ya kutoa mvuke kwenye chumba cha injini kabla ya kuwasha tena.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante sana, mkuu, kwa somo hili. Nina swali. Boti yangu ina injini ya dizeli yenye tabo (kisukuma hewa kinachozungushwa na moshi wa injini) na supachaja pamoja, na mkanda wa supachaja hupiga kelele ya mlio mkali ninapoongeza mafuta kutoka kasi ndogo, halafu kelele hupotea. Je, dawa ya kupulizia mkanda inaweza kusaidia? Na je, maelezo yako yanahusu pia jet ski?

Mwanzisha uzi

Ndugu, dawa ya kupulizia usiiguse. Huufanya mkanda unate kwa muda, kisha hushika vumbi na chumvi, na huficha dalili ambayo mkanda ulikuwa unakupa kwa uaminifu. Mafuta ya aina yoyote nayo huharibu mpira wa mikanda ya kisasa, hivyo mkanda uliolowa mafuta usioshwe, ubadilishwe, baada ya kuziba mahali yanapovuja.

Injini za aina yako, kwa mfano zile za Volvo Penta za familia ya KAD, zina klachi ya sumaku-umeme kwenye supachaja. Klachi hushika injini inapohitaji hewa kwenye kasi ndogo na ya kati, kisha huachia pale tabo inapokuwa na uwezo wa kufanya kazi peke yake. Kila klachi inaposhika, supachaja iliyokuwa imesimama inatakiwa kufikia kasi kubwa kwa ghafla, na mkanda ndio unaobeba pigo hilo. Kelele inayotokea wakati huo tu na kupotea inaashiria mkanda unateleza katika kushika. Pima mkazo kwanza, kisha angalia kama mifereji ya puli imelika. Puli iliyolika ina dalili nzuri: mkanda mpya unakaa chini zaidi kuliko ukingo wa puli, na sehemu ya chini ya mfereji inang'aa. Hapo ncha za mbavu zinagusa chini ya mfereji badala ya kukabwa na kuta zake, na hakuna mkazo utakaokusaidia.

Kuhusu jet ski, inategemea. Kawasaki Ultra 250X ya mwaka 2007 na nyingine zilizofuata katika familia hiyo hutumia mkanda, hivyo karibu yote niliyoandika yanazihusu. Injini za Rotax zenye supachaja kwenye Sea-Doo hutumia gia, na matatizo yake ni mengine kabisa. Injini ya nje ya Mercury Verado ya silinda sita, iliyotoka mwaka 2004 ikiwa na lita 2.6, nayo ina supachaja ya mkanda.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, mimi nina supachaja ya zamani ya aina ya Roots (yenye rota mbili zinazosukuma hewa) yenye mkanda mpana wa meno. Kwa kuwa meno hayatelezi, je, naweza kusahau habari ya mkazo? Pia naomba kujua, mkanda ukikatika baharini, naweza kurudi na injini hiyohiyo?

Mwanzisha uzi

Hapana, ndugu, usiusahau, ila malengo ya mkazo wake ni tofauti. Mkanda wa meno hauhitaji kukazwa ili ushike. Unahitaji kukazwa kiasi cha kutoruka meno. Ukiwa umelegea, meno hupanda juu ya meno ya puli wakati wa mzigo mkubwa na hukatika kwenye mzizi, na utayaona yakiwa yamelala upande mmoja kabla hayajakatika. Ukiwa umekazwa mno, unalia kwa sauti ya juu, unapata joto, na unazivuta beringi. Mchanga au kipande cha kutu kikiingia kati ya meno na puli hakina pa kutokea, hivyo kinga iliyofungwa vizuri mbele ya mkanda wa meno ni ya lazima. Usiukunje kwa nguvu wala kuubinua ndani nje unapoufunga, kwa sababu nyuzi zake za ndani huvunjika bila kuonekana kwa nje, na mkanda hukatika siku nyingine kabisa ukadhani ni bahati mbaya.

Kuhusu kurudi, jibu lipo kwenye mchoro wa mkanda wako. Kama mkanda huo unazungusha supachaja peke yake, injini nyingi zinaweza kukurudisha kwa kasi ndogo, ingawa kwenye Roots iliyokaa juu ya njia ya hewa, injini italazimika kuvuta hewa kupitia rota zisizozungushwa tena na mkanda, kwa hiyo nguvu itakuwa kidogo sana. Kama mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji ya kupozea injini, usiendelee. Utaunguza injini ndani ya dakika chache. Katika hali zote mbili zima kwanza, ufungue, na uondoe vipande vyote vya mkanda. Nimewahi kutoa nyuzi za mkanda zilizojisokota nyuma ya puli ya krenki hadi zikaingia kwenye sili ya mbele, na mwenye boti aliyedhani amepoteza mkanda tu akajikuta anavuja oili.

Mchangiaji wa kwanza

Nimerudi, mkuu. Mkazo ulikuwa mdogo, nimeurekebisha. Swali la mwisho: nitajuaje mkanda wa kisasa umekwisha, maana wangu hauna ufa hata mmoja? Na nimepima mstari: puli ya supachaja iko mbele kwa milimita mbili, umbali kati yake na puli ya krenki ni milimita 260.

Mwanzisha uzi

Ndugu, usisubiri ufa. Mikanda ya zamani ya neoprini ilipasuka, na watu walizoea kuhesabu nyufa. Mikanda ya sasa mingi hutengenezwa kwa mpira wa EPDM, ambao hupasuka kwa nadra. Wenyewe hulika, kama tairi, na mifereji kati ya mbavu hupanuka. Tumia kipimo kidogo cha plastiki kinachoingizwa kati ya mbavu, au uulinganishe na mkanda mpya kwa kuweka mbavu za mmoja ndani ya mwingine: ukiona unacheza upande kwa upande, umelika. Angalia pia geji ya shinikizo la hewa. Siku mkanda ukiwa mpya na umekazwa vizuri, andika shinikizo unalolipata kwa kasi tatu tofauti za injini. Kwako wewe, chagua kasi ambazo klachi ya supachaja bado imeshika, ili tabo isikuchanganye. Ukiona kasi ya chini inatoa shinikizo lilelile lakini kasi ya juu imepungukiwa, anza na mkanda. Mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali azime injini mara tu baada ya kukimbia kwa mzigo na kupima puli zote. Puli iliyo na joto kuliko wenzake waziwazi ndiyo mkanda unapoteleza, au ndiyo yenye beringi mbovu.

Kuhusu milimita zako mbili, kwa umbali wa 260 nusu digrii ni takriban milimita 2.3, kwa hiyo bado uko ndani ya mpaka, lakini mimi nisingeuacha hivyo kwenye mkanda unaopigwa na klachi kila mara. Kabla ya kuweka wosha nyuma ya kitu chochote, hakikisha ni puli ipi iliyotoka mahali pake. Pima puli ya krenki kutoka kwenye uso wa bloku, sehemu tatu tofauti kuizunguka, kisha uangalie dampa kama nilivyoeleza. Ikiwa krenki iko sawa, legeza breketi ya supachaja, safisha nyuso zinazokutana, maana rangi nene na kutu peke yake vinaweza kuongeza milimita moja, ufunge tena kwa spana ya kupimia nguvu, kisha upime upya. Ukikuta bado iko mbele, ndipo ufikirie kupunguza unene wa wosha zilizopo. Halafu endesha boti kwa mzigo nusu saa, upime mkazo na mstari tena injini ikiwa imepoa, na uweke mkanda wa akiba ndani ya boti ukiwa umelazwa bila kukunjwa, mbali na jua na mafuta, pamoja na spana ya kuufungia na mchoro wa njia yake.